Nusu ya Wimbo wa Mvua

Kila Jumapili asubuhi, katika mtaa wa Malmaddi mjini Dharwad, Shivalila aliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwiko mkubwa wa baba yake, Irappa, ukikwangua karai la maziwa, kwaru, kwaru, mpaka maziwa yakauke na kugeuka kahawia. Hapo ndipo baba alipoyafinyanga kuwa pedha, vitamu vidogo vya duara, akazigaragaza kwenye sukari na kuzipanga dukani. Sauti ya pili ilikuwa ya Vatsala Akka redioni.

"Hamjambo wasikilizaji," ilisema sauti hiyo. "Ketini kwanza. Chai haikimbii."

Na kweli watu waliketi. Akka maana yake ni dada mkubwa, na mji mzima ulimwita hivyo, hata vikongwe waliomzidi umri. Katika ujana wake aliimba kwenye majukwaa ya Pune mpaka Kolkata, na watu waliomsikia walitoka ukumbini wakisahau viatu vyao mlangoni. Baadaye kifua kilianza kumsumbua na sauti ya juu ikamkimbia. Wengine wangekaa wakalia. Yeye alirudi chuo kikuu akasoma, akafundisha, akaandika vitabu juu ya raga, zile njia za sauti ambazo waimbaji wa kwao huzifuata, kila njia na saa yake na msimu wake. Kisha redio ikamwita. Siku za shule, alfajiri, aliwafundisha watoto wachache kibarazani kwake, na Shivalila, au Lila kama walivyozoea kumwita, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mmoja wao.

Akka alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Ole wake mwanafunzi aliyeutia chumvi wimbo wa mwalimu! Siku moja Mukta, rafiki yake Lila, aliongeza kidoido kidogo mwishoni mwa mstari. Akka akazishika nyuzi za tambura, ala yake ya kusindikizia sauti, zikanyamaza.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Nimeona kinapendeza, Akka."

"Kinapendeza! Haya, kaa pale pembeni kikupendeze peke yako. Wiki nzima utasikiliza tu, huimbi."

Mukta alikaa pembeni wiki nzima, mdomo kauvuta. Lila alimwonea huruma, lakini pia aliogopa. Tangu siku hiyo aliimba kila kitu kama kilivyo.

Tena Akka alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watoto. Kila alipomtaja mwalimu wake, marehemu Rudrappa, alishika ncha ya sikio. Ndiyo desturi ya waimbaji wa huko. Jina la mwalimu halitamkwi hivi hivi. Unashika sikio kama mtu anayeomba radhi kwa kuthubutu kulitaja.

"Hata redioni anashika," Mukta alimwambia Lila siku aliyopelekwa studio kuangalia. "Nimemwona kwa macho yangu. Sasa mle ndani nani anamwona? Kipaza sauti?" Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Sasa, kulikuwa na wimbo mmoja uliomnyima Akka raha. Nyimbo za kwao zina nusu mbili. Nusu ya kwanza hukaa chini, ya pili hupanda juu, na katika hiyo ya pili mtunzi hutia muhuri wake, yaani jina lake la utunzi, ili watu wajue kazi ni ya nani. Muhuri wa Rudrappa ulikuwa Rudradasa. Alikuwa amemfundisha Akka nusu ya kwanza ya wimbo wa mvua:

Wewe wingu, mbona wapita
juu ya paa langu bila salamu?

"Nusu ya pili nitakupa mvua zikirudi," alimwambia. Mvua zilirudi. Rudrappa hakuwepo tena.

Akka aliwauliza wanafunzi wenzake, akawauliza wajane wao, akawauliza wapiga ngoma ya tabla wa zamani waliokwisha kupoteza meno. Hakuna aliyekuwa nayo. Kitabu chake cha nyimbo zote za mwalimu kilikuwa tayari kwenda kwa mchapaji, umebaki ukurasa wa wimbo huo tu. "Nitakufa na nusu wimbo mimi," alikuwa akisema huku anacheka, lakini macho yake hayakuwa yakicheka.

Alfajiri moja ya masika Lila aliwahi mno. Mvua ilikuwa ikimwagika, wenzake hawajafika, mlango wa Akka umefungwa. Alisimama kibarazani akikamua maji kwenye shali yake, na kwa kupoteza wakati akaanza kuimba ule wimbo wa wingu. Alipofika mwisho wa nusu ya kwanza, sauti haikutaka kusimama. Ilipanda yenyewe, na maneno yakaja nayo:

Mtungi wangu u mlangoni,
kifuniko nimekiondoa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akka alikuwa pale, nywele nusu zimesukwa, kitana mkononi.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Maneno yale yale yaliyompeleka Mukta pembeni! Lila alirudi hatua moja nyuma. "Kwa... kwa Ajji," alisema.

Ajji alikuwa bibi yake mzaa baba, Ningavva muuza maziwa, mfugaji wa nyati wa maziwa, aliyefariki mwaka uliotangulia. Lila alimtaja kwa sababu ndilo jina lililokuwa karibu, basi, wala hakuwaza zaidi ya hapo. Lakini kitana kilimwanguka Akka.

"Ningavva? Yule aliyekuwa akileta maziwa nyumbani kwa mwalimu wangu?" Alishika sikio. "Mungu wangu! Langoni pale! Siku zote ilikuwa langoni pale!" Akaketi kwenye ngazi iliyolowa, sari yake nzuri ikaloa, akalia kama mtoto.

Lila angeweza kusema ukweli wakati huo. Angesema, "Hapana, Akka, nimetunga," angekaa pembeni wiki nzima na mambo yangekwisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumtazama vile, maskini, kama vile yeye ndiye mvua yenyewe.

Akka alifuta machozi. "Ila kuna kitu kimepungua. Muhuri. Kumbuka vizuri, mwanangu. Hakutaja Rudradasa mahali?"

Lila alitazama mvua. "Alitaja," alisema polepole, akitafuta. "Alisema, 'Rudradasa angoja, mtungi u mlangoni.'"

Uongo wa kwanza ulimponyoka kwa woga. Huu wa pili aliutengeneza mwenyewe, akili zake timamu, na alijua.

Jumapili ile Akka alitangaza redioni kwamba nusu ya wimbo iliyopotea imepatikana, imehifadhiwa na marehemu Ningavva muuza maziwa, na Jumapili inayofuata mjukuu wake ataiimba. Irappa aliacha mwiko kwenye karai, akatoka mbio mpaka barabarani.

"Mmesikia? Mama yangu huyo! Mama yangu katajwa redioni!"

Majirani walijaa. Irappa aliwagawia pedha mpaka trei ikabaki tupu, akaivalisha picha ya mama yake shada la maua ya asumini. Mama yake Lila, Kalavva, alikuwa akichagua dengu, na hakuinuka.

"Mimi nimeishi na mama mkwe tangu niolewe," alisema. "Sikumsikia akiimba hata wimbo wa kubembeleza mtoto."

"Akuimbie wewe kwa lipi?" Irappa alimtania. Kisha sauti ikabadilika. "Watu walikuwa wakimwita mama ndoo. Mama ndoo, lete maziwa. Mama ndoo, yamechelewa. Leo wanamwita kwa jina." Akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilijaa sukari. Lila alisukuma mkate wake wa mtama pembeni.

Siku ya pili, bombani pale shuleni, Mukta alimbana.

"Una bahati wewe. Mimi nikiongeza kidoido natupwa pembeni, mwenzangu unaokota hazina!" Akanywa maji kwa kiganja, kisha akamkazia macho. "Lakini Lila, Ajji yako si ndiye aliyekuwa akitufukuza tukiimba? 'Nyamazeni, nyati wangu watagoma kutoa maziwa!'"

"Yeye alikuwa akiimba kimya kimya."

"Kimya kimya! Kweli kabisa, hata yeye mwenyewe hakujisikia." Mukta alicheka akaenda zake. Lila alibaki pale bombani, masikio yanawaka moto.

Wiki nzima Akka alikuwa kama aliyerudishiwa ujana. Aliuandika upya ukurasa wake, akawapigia simu maprofesa wenzake, akacheka na muuza mboga. "Jumatatu kitabu kinakwenda kwa mchapaji," alimwambia Lila akimshika shavu. "Kizima! Jina la Ajji yako litakuwa ndani." Mara mbili Lila alifungua kinywa. Mara zote mbili aliliona lile shada la asumini na machozi ya baba yake, akakifunga.

Jumapili ikafika. Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mapazia mazito na kioo kimoja, na nyuma ya kioo alikaa fundi wa mitambo. Mpiga tabla alikuwa tayari amekunja miguu. Taa nyekundu ikawaka.

"Hamjambo wasikilizaji. Ketini kwanza, chai haikimbii," alisema Akka. "Leo nalipa deni la maisha yangu. Kwanza tumsikie aliyetunga, kwa utepe wa zamani wa wimbo wake mwingine, mwalimu wangu Rudrappa." Mkono wake ukapanda sikioni. "Halafu tutasikia kile alichotutunzia mwalimu mwingine ambaye sikujua kuwa ni mwalimu wangu. Ningavva, muuza maziwa."

Na mkono ule, taratibu, ukapanda tena sikioni.

Redioni hakuna aliyeona, lakini Lila aliona. Wasikilizaji wasingejua kabisa kama angeacha kushika. Lakini Akka alishika sikio na kuinamisha kichwa kwa jina la Ajji, kwa heshima yote, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Taa ilizimika, utepe wa Rudrappa ukaanza kuzunguka, na Lila hakuweza tena.

"Akka, usishike," alisema akilia. "Usimshikie Ajji sikio. Hakuimba. Nilitunga mimi."

Akka alimtazama kama hakusikia. "Nini?"

"Niliogopa kuwekwa pembeni kama Mukta, nikamtaja Ajji. Halafu ukafurahi, nikashindwa kusema."

"Na muhuri?"

"Hata muhuri."

Mpiga tabla aliangalia chini. Sauti ya Rudrappa, nzee na nzito, iliendelea kutoka kwenye spika kana kwamba hakuna lililotokea. Uso wa Akka ulinywea, mabega yakashuka, na Lila alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Masikio yangu yaliniambia," Akka alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mwalimu hakupanda kwa haraka vile katika raga ile, hata siku moja. Nikayaziba masikio yangu mwenyewe, maana nilitaka mno iwe kweli." Akatazama kioo. Fundi alikuwa akiinua kidole. "Utepe unakwisha. Taa ikiwaka lazima mtu aseme. Utasema wewe au niseme mimi?"

Lila alikitazama kipaza sauti. Taa ikawaka.

"Wasikilizaji," alisema Akka, "Jumapili iliyopita niliwaambia nimeipata nusu iliyopotea. Sikuipata. Ilinipasa kuhakikisha kabla ya kuwaambia, na sikuhakikisha. Kosa hilo ni langu. Kosa jingine lina mwenyewe."

Hakulitaja jina. Akasogeza kipaza sauti kidogo tu kuelekea kwa Lila, akangoja. Lila angeweza kukirudisha. Alisogea.

"Mimi ni Shivalila, binti wa Irappa wa pedha. Ajji yangu hakuimba ule wimbo. Niliutunga mimi nikasema ni wake. Nilidanganya." Akavuta kamasi, na mji wote ukamsikia. "Baba, nisamehe."

"Sasa imba ulichofundishwa," alisema Akka.

Lila aliimba nusu ya kwanza, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Mbona wapita juu ya paa langu bila salamu. Ilipokwisha, alinyamaza. Kiganja cha mpiga tabla kilibaki hewani kikingoja nusu ambayo haikuja.

Walirudi pamoja, Akka na Lila, chini ya mwavuli mmoja. Harufu ya maziwa yaliyoungua iliwapokea tangu njia panda. Ndani, karai lilikuwa jeusi, redio imezimwa, na Irappa ameketi mbele ya picha ya mama yake. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Nimewagawia pedha mtaa mzima," alisema. "Nimewaambia mama yangu alikuwa na wimbo."

Lila alijitupa miguuni pake. Kalavva alimvuta binti yake kando, akampangusa uso kwa ncha ya sari. Akka alivua viatu, akaketi mkekani bila kukaribishwa.

"Irappa, nisikilize. Nikwambie nililoliona mimi. Tulipokuwa tukijifunza, mama yako alikuwa akitua ndoo zake langoni, anakaa mpaka tumalize. Wateja wanamgombeza, anawaambia, 'Ng'ombe kakawia.' Ng'ombe gani, naye alikuwa na nyati watupu! Mwalimu wangu," akashika sikio, "hakuanza somo kabla hajamwona pale. Alikuwa akisema, 'Yule anasikiliza kuliko nyinyi.' Ndiyo maana niliposikia jina lake sikuuliza mara mbili. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa msikilizaji. Hilo ni kweli tupu, na halihitaji kuongezewa."

Irappa aliinua uso. "Ng'ombe kakawia," alisema mwishowe, na akacheka huku machozi yanamtoka. "Ndiye huyo. Ndiye mama kabisa." Aliinyoosha picha ukutani. "Basi shada libaki."

Akka akamgeukia Lila. "Njoo hapa. Unajua kosa lako?"

"Niliutia chumvi wimbo wa mwalimu."

"Sivyo. Mukta nilimweka pembeni ili ajue kwanza kilichopo, kabla hajaongeza cha kwake. Kutunga si kosa. Ukikua utatunga, na ile mistari yako, nikikwambia ni mibaya, nami nitakuwa mwongo. Kosa lako ni kuwasemesha maiti wawili ambao hawawezi kukukatalia. Kesho kitabu kingekwenda. Wajukuu zako wangeimba uongo wako huku wameshika masikio kwa heshima." Akajinyooshea kidole. "Na mimi nina langu. Nimewatisha watoto mpaka mmoja akaona heri adanganye kuliko kusema 'nimetunga'. Hilo nitalirekebisha. Wewe rekebisha lako."

"Utanifukuza, Akka?"

"Nani amekufukuza? Masika yote utaimba sauti saba, kupanda na kushuka. Hakuna wimbo. Haya, nipe chai, nimelowa."

Masika yale Lila aliimba sauti saba mpaka Mukta akatishia kuhama mji. Kitabu kilichapwa, na ukurasa wa wimbo wa mvua ulikuwa na nusu iliyoandikwa na nusu nyeupe. Akka alimkataza mtu yeyote kuujaza.

Mwaka uliofuata, mawingu yalipoanza kukusanyika tena, alimwita Lila studio. Mukta alikuja pia, akajibanza kimya karibu na fundi, nyuma ya kioo. Taa ikawaka.

"Nusu ya kweli ya wimbo huu bado imepotea," Akka aliwaambia wasikilizaji. "Aliye nayo atuletee, tutampokea kwa mikono miwili. Leo mtasikia nusu nyingine, na hii ina mwenyewe."

"Nusu ya kwanza ni ya Mwalimu Rudrappa," alisema Lila. "Nimefundishwa na Vatsala Akka." Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika sikio. Kisha akaimba, akateremka na wingu, akapanda na mtungi, na alipofika mahali pa muhuri hakuazima jina la mtu:

Mtungi wangu u mlangoni,
kifuniko nimekiondoa;
mjukuu wa muuza maziwa angoja.

Malmaddi, wanasema, mwiko wa Irappa ulinyamaza, na safari hii Kalavva ndiye aliyekimbia kuyaepua maziwa kabla hayajaungua.

Walipotoka studio, Mukta hakuweza kujizuia. "Na wewe umeanza! Nimekuona, umeshika sikio. Wasikilizaji hawakuoni hata mmoja, sasa unamshikia nani?"

Lila alimtazama Akka, na Akka akafungua mwavuli wake.

"Alijiona mwenyewe, Mukta," alisema. "Huyo ndiye msikilizaji wa kwanza. Ukimwambia kweli huyo, wengine wote utawaambia bila shida. Twendeni, mvua hii haitungoji."